Mwanagenzi wa tarumbeta Pemba: aanze na mausipisi ipi?

*Kipande kisichozidi urefu wa kidole ndicho aghalabu kinachoamua kama kijana ataipenda tarumbeta au ataiweka chini kabla ya mwaka kwisha. Katika kisiwa kisicho na duka la kuchagulia, uchaguzi huo unataka maarifa zaidi kuliko fedha.*

Tarumbeta kuukuu ikivuka bahari kutoka Unguja, ikashuka bandarini Mkoani ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba, ikapanda gari hadi Chake Chake na kufunguliwa barazani mbele ya kijana ambaye hajapata kupuliza chombo cha shaba maishani mwake, jambo la kwanza litakalomvutia ni vali tatu na mabomba yaliyopindwa kwa ustadi, na jambo la mwisho atakaloliangalia, tena baada ya kuambiwa, ni kile kipande kifupi kinachochomekwa kwenye ncha ya bomba, ambacho katika chombo kizima ndicho pekee kitakachogusa midomo yake.

Wapigaji hukiita mausipisi, na mara nyingi ndicho kilichopotea. Tarumbeta inayofika kwa hisani ya watu wa mbali, au inayorithiwa kutoka kwa kundi lililovunjika, imekwisha kupita katika mikono mingi, na katika kupita huko ile mausipisi iliyotoka nayo kiwandani huwa imeazimwa isirudi, au imeangushwa sakafuni ukingo wake ukapata jeraha, au imebadilishwa na nyingine isiyokuwa ya jinsi yake.

Tuseme basi kwamba boksi limefunguliwa na mausipisi imo, walakini ikichomekwa inacheza, na shina lake linazama ndani ya bomba kupita kiasi. Hiyo ni mausipisi ya korneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, ambayo shina lake ni jembamba na haliwezi kuijaza nafasi ile. Na kijana akiilazimisha kwa kuizungushia karatasi, atapata chombo ambacho noti zake hazipatani zenyewe kwa zenyewe, kisha wenziwe watamwambia kuwa hana sikio la muziki, naye atawasadiki.

Wete, Chake Chake na Mkoani si miji ya maduka ya ala. Kinachotakiwa huagizwa kwa simu Unguja au Dar es Salaam, hulipiwa kabla ya kuonwa, na huletwa na msafiri wa boti. Swali ambalo kwingineko hujibiwa kwa kujaribu, hapa sharti lijibiwe kwa kujua, na ndilo tulilokusudia kulishughulikia.

Midomo ndiyo inayolia

Kabla ya nambari na vipimo, kuna jambo moja ambalo Mpemba ana njia ya kulifahamu upesi kuliko watu wengi, kwa sababu pwani yake imezijua tangu zamani ala mbili za kupuliza ambazo asili yake ni mbalimbali kabisa.

Ya kwanza ni nzumari, ile isikikayo katika mchezo wa ng'ombe, ambayo mpigaji wake hufutua mashavu na kuvuta pumzi puani huku akiendelea kupuliza, hata sauti isikatike wakati vijana wanamzunguka fahali kwa vitambaa na mbwembwe. Mwenye nzumari huufumbata mdomoni ulimi mwembamba uliotengenezwa kwa jani. Jani ndilo linalotetemeka, na kazi ya midomo ni kuizuia pumzi isitoroke pembeni.

Ya pili ni baragumu, pembe ya mnyama iliyotobolewa, ambayo kwa karne nyingi ilipigwa kuwakusanya watu penye jambo, na jamaa yake mtukufu ni siwa: siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, siwa ya shaba ya Lamu, na kwetu Visiwani zile siwa zilizokuwa miongoni mwa vifaa vya enzi vya Mwinyi Mkuu. Katika siwa hamna jani. Pana tundu ubavuni, na mpigaji huiweka midomo yake hapo, huibana, huipulizia, nayo midomo yenyewe hutetemeka na kuutia sauti mwili mzima wa ala.

Tarumbeta ni ya ukoo wa siwa. Mausipisi hailii, ni mahali pa kukalia midomo inayolia, na ndiyo maana hakuna mausipisi, hata iwe ya bei gani, inayoweza kumpa mtu sauti ambayo midomo yake haijajifunza kuitoa. Kijana aliyeanzia kwenye nzumari huja na hazina kubwa ya pumzi, lakini sharti ayaache mashavu yake yatulie na ajifunze kukaza pembe za mdomo, maana mashavu yaliyofutuka, ambayo kule ni ghala ya hewa, huku huulegeza ule mshiko ambao noti zote hutokana nao.

> Tarumbeta ni ya ukoo wa siwa, si wa nzumari: kinacholia ni midomo ya mpigaji.

Shaba ilivyoingia pwani

Masultani wa Unguja walikuwa na bendi yao ya shaba, ambayo wapigaji wake kwa wingi walikuwa Wagoa. Huko Freretown, karibu na Mombasa, katika makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875, vijana walifundishwa ala hizo hizo. Na ilipofika miaka ya 1890, watu wa Mombasa na Lamu walikuwa wamekwisha kuichukua bendi ya kijeshi na kuifanya ngoma yao wenyewe, wakaiita beni, wakaigawa katika makundi yenye mashindano makali ya mavazi, vyeo na nyimbo.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliieneza pamoja na askari na wapagazi mpaka ndani kabisa ya bara, ikiwa na matawi yake mawili mashuhuri, Marini na Arinoti, na habari hizo mwanahistoria Terence Ranger alizikusanya katika kitabu kizima alichokitoa mwaka 1975.

Visiwani beni ilihamia arusini. Ikazichukua nyimbo za taarabu zinazopendwa kwa wakati huo, ikatoka mitaani na tarumbeta na tromboni pamoja na ngoma zake, na akina mama wakaifanya shangwe yao. Pembeni mwake zipo bendi za Polisi na za vikosi, ambazo Mpemba huziona kwa karibu sherehe za kitaifa zinapoadhimishwa katika Uwanja wa Gombani, zikienda kwa hatua moja na kufuata noti zilizoandikwa. Na tangu mwaka 2002 kipo Mji Mkongwe chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, ambako kijana wa Kisiwani anaweza kufundishwa kwa utaratibu wa darasa.

Tumeitaja milango hii mitatu kwa sababu kila mmoja unadai sauti yake. Beni hupigwa nje, juu ya ngoma na vigelegele, na hutaka sauti inayopenya. Bendi ya gwaride hutaka sauti iliyochanganyika na za wenzake. Darasa hutaka sauti nene iliyotulia. Mwanagenzi, ambaye hajui bado ataishia wapi, hutwikwa mausipisi ya mlango alioingilia, na mara nyingi huwa ni ile ya mpigaji hodari wa kundi, kwa dhana kwamba kinachomfaa hodari kitamfaa na anayeanza. Dhana hiyo imewarudisha nyumbani vijana wengi kuliko uvivu ulivyowarudisha.

Kuitazama kwa karibu

Ishike mausipisi, uielekeze mlangoni mpaka nuru iingie ndani yake. Juu pana ukingo, ile pete inayokaa midomoni. Pitisha kidole juu yake polepole, na kikikutana na mkwaruzo wowote au kibonyeo, iweke chini usiinunue, maana jeraha ambalo kidole kinalihisi kidogo, mdomo utalihisi sana baada ya robo saa ya kupuliza.

Ndani ya ukingo pana kikombe, na chini ya kikombe pana koo, tundu jembamba ambalo katika mausipisi nyingi za kawaida za Bach lina upana wa milimita 3.66 tu, na pumzi yote ya mpigaji sharti ipite hapo. Baada ya koo njia hupanuka tena taratibu hadi mwisho wa shina. Ubavuni pameandikwa herufi na nambari, ambazo tutazirudia.

Kila sehemu huleta faida moja kwa kutoza gharama nyingine. Ukingo mpana huutawanya uzito juu ya nyama ya mdomo, kwa hiyo mtu huweza kupiga muda mrefu bila maumivu, walakini huifunga midomo isipande na kushuka kwa wepesi baina ya noti. Ukingo mwembamba huipa midomo uhuru huo, kisha huikata mapema. Kikombe chenye kina hutoa sauti nzito iliyojaa, na hudai pumzi nyingi. Kikombe kisicho na kina hutoa sauti kali, na humsaidia katika noti za juu mtu ambaye nguvu zake zimekwisha kujengeka. Lakini mwanagenzi, ambaye bado huibana mausipisi kwa nguvu, midomo yake huvimba ndani ya kikombe hicho hata ikagusa chini, na sauti hukatika ghafula kama kwamba mtu ameiziba kwa mkono.

Ama upana, hapo ndipo zinapoingia zile nambari ambazo vijana huzibishania. Katika orodha ya Bach, mausipisi ya 7C ina upana wa milimita 16.20 kutoka ukingo hadi ukingo kwa ndani, 5C ina 16.25, na 3C ina 16.30. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: baina ya 7C, inayoitwa ndogo, na 3C, inayoitwa kubwa, ni sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao ni unene wa karatasi moja ya daftari.

Hatusemi kwamba mdomo hauhisi tofauti. Mdomo ni kiungo chenye hisia kali, nao huhisi. Lakini kinachohisika zaidi ni umbo la ukingo, kama ni wa mviringo au una makali upande wa ndani, na mtu anayeagiza kwa simu akiwa ameshikilia nambari peke yake amelishika jambo kwa upande wake mdogo.

Hoja za pande mbili

Walimu wa kundi la kwanza husema: mwanagenzi na aanze na 7C, au mfano wake, na aiache hapo hapo kwa muda mrefu. Hoja yao ina uzito. Tarumbeta nyingi za wanafunzi hutoka kiwandani na mausipisi ya jinsi hiyo. Hupatikana kwa urahisi, haina kina cha kuchosha wala ufupi wa kudanganya, na mtoto wa miaka tisa au kumi, ambaye midomo yake na meno yake bado yanakua, huweza kutoa sauti juu yake siku ya kwanza. Huongeza kwamba mwanagenzi anayebadilisha mausipisi kila mwezi hawezi kujua kama aliyekosea ni yeye au ni chombo.

Walimu wa kundi la pili hujibu kwamba 7C humfaa mtoto, bali kijana wa miaka kumi na minne au zaidi, na mtu mzima anayeanza, ni bora aanze na 5C au 3C, kwa kuwa nafasi ya ziada, ijapokuwa ni ndogo, pamoja na umbo la ukingo, huiacha midomo itetemeke bila kubanwa, na sauti huwa nene tangu mwanzo. Wao huona kwamba mtu aliyezoea sauti nyembamba huja kuipenda, na kumtoa humo ni kazi.

Kuna sauti ya tatu, isiyotoka darasani. Katika beni hutafutwa mausipisi ya kikombe kifupi, kwa sababu mpigaji hana kipaza sauti, yuko barabarani, ngoma ziko ubavuni pake na bibi arusi anasubiri. Haja hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa na watu wa karatasi. Lakini ni haja ya mpigaji aliyekwisha kukomaa, mwenye midomo iliyojengwa kwa miaka, na kumtwisha mwanagenzi chombo hicho ni kumfundisha kuifikia noti ya juu kwa kuisukuma tarumbeta dhidi ya meno yake.

Sisi tunaona hivi. Mtoto aanze na 7C. Kijana mkubwa na mtu mzima aanze na 5C, na kama iliyopatikana ni 3C, aichukue bila wasiwasi. Kikombe kifupi kisiguswe hata kidogo mpaka mwalimu awe radhi na noti za chini na za kati. Na yeyote kati yao aliyekwisha kuipata mausipisi nzima, safi, yenye shina linalokaa imara, asiuze mbuzi kutafuta nyingine kwa sababu tu ameona nambari tofauti mkononi mwa mwenziwe.

> Baina ya 7C na 3C ni sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi moja ya daftari.

Yako mambo mawili ya mwili wa mtu yanayoweza kuigeuza hukumu hiyo. La kwanza ni meno, maana ukingo hukaa juu ya mdomo, na nyuma ya mdomo ni meno yanayobeba uzito wote. Mwenye jino lililotokeza au pengo mbele huenda akahitaji kuiweka mausipisi kando kidogo ya katikati, na ukingo wa mviringo zaidi humfaa kuliko wenye makali.

La pili ni midomo. Kuna kauli ya zamani kwamba mwenye midomo minene lazima apewe kikombe kipana, na wengi huishika kama sheria, lakini kipimo cha haki ni mahali ukingo unapokaa: ukikaa juu ya ngozi iliyo imara nje ya sehemu laini ya mdomo wa juu, basi upana unatosha, na ukiikandamiza ile sehemu laini yenyewe kila mara, ndipo itafutwe mausipisi pana zaidi. Kuhusu kugawanya midomo, Jean-Baptiste Arban, katika mafunzo yake mashuhuri ya mwaka 1864, alishauri theluthi moja juu na theluthi mbili chini. Walimu wengine wamefundisha kinyume, na watu wamepiga vizuri kwa njia zote mbili.

Nambari zinazokwenda kinyume

Hapa ndipo fedha ya Mpemba hupotelea. Vincent Bach, mpigaji wa tarumbeta aliyezaliwa Austria mwaka 1890 na kuhamia Marekani, alianza kutengeneza mausipisi huko New York mwaka 1918, na nambari zake zikaja kuwa kama mizani ya dunia nzima. Katika mizani hiyo nambari inavyopungua ndivyo upana unavyozidi: 10½C ina milimita 15.90, na 1½C ina milimita 17.00. Herufi nayo huonyesha kina, A ikiwa na kina kikubwa, na kina hupungua kwa kadiri herufi zinavyosonga mbele.

Yamaha ya Japani, ambayo tarumbeta zake za wanafunzi zimeenea sana, huhesabu kinyume. Kwake nambari inavyozidi ndivyo upana unavyozidi, na herufi A ndiyo yenye kina kidogo kabisa. Mausipisi inayokuja na tarumbeta yake ya wanafunzi ni 11B4, ambayo hukaribiana na 7C ya Bach kwa matumizi, ingawa mtu akizisoma kwa jicho tupu ataapa kwamba moja ni kubwa mno kuliko nyingine.

Kwa hiyo mzazi anayempigia simu jamaa yake aliyeko Darajani au Kariakoo na kumwambia, "nitafutie yenye nambari ndogo, mtoto bado mdogo," anaweza kuletewa mausipisi pana kuliko zote zilizokuwepo dukani. Aseme jina la kiwanda na alama yote, herufi kwa nambari. Aseme kwamba ni ya tarumbeta, si ya korneti. Na amwombe jamaa huyo apige picha ya ukingo na ya shina kabla ya kulipa.

Ziko pia seti za bei rahisi za mausipisi tatu ndani ya kiboksi kimoja, zilizoandikwa 7C, 5C na 3C, ambazo hazikutoka kwa Bach ijapokuwa zinatumia nambari zake. Si vibaya kuzinunua, mradi mtu ajue kwamba alama hizo ni za kuigwa na kwamba kipimo cha kweli ni kidole juu ya ukingo na shina ndani ya bomba.

Mausipisi moja, midomo kumi

Sasa tufike penye jambo tunaloliona kuwa kubwa kuliko nambari zote. Katika makundi yenye tarumbeta chache, mmoja hupuliza, huipangusa mausipisi kwa upindo wa shati, akampa wa pili, naye akampa wa tatu. Mafua, kikohozi na malengelenge ya mdomoni hayapangusiki kwa shati, na kila mwanagenzi huondoka na mate ya wenziwe.

Tarumbeta na ishirikiwe, maadamu ni ghali. Mausipisi isishirikiwe. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya tarumbeta, na kwa kijana kuwa nayo mfukoni kuna faida ya pili isiyokuwa ya afya: midomo yake hukutana na ukingo ule ule kila siku, nayo hujifunza, ilhali anayepiga leo juu ya hii na kesho juu ya ile huanza upya kila asubuhi.

Mausipisi nyingi ni za shaba iliyovishwa fedha. Fedha ikilika, huonekana doa la manjano ukingoni, na shaba tupu iliyogusana na midomo yenye jasho huweza kuiwasha na kuivimbisha. Wapo pia watu ambao ngozi zao hazipatani na nikeli. Yenye doa hilo isiwe ya kwanza kwa mtoto. Hewa yetu ya chumvi huifanya fedha iwe nyeusi upesi, na mkono wa nyumbani hukimbilia ndimu na majivu, kama inavyosuguliwa sinia ya shaba. Dawa hiyo huondoa weusi na fedha pamoja. Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, brashi ndogo ya kupitisha kooni na kitambaa laini vinatosha, na kila wiki mara moja si nyingi.

Madhara mengine hutoka kwa mpigaji mwenyewe. Louis Armstrong, aliyelizuru bara la Afrika mwaka 1960 akiwa ameshakuwa mpigaji maarufu kuliko wote duniani, aliiumiza midomo yake vibaya katika ujana wake kwa kupiga noti za juu usiku baada ya usiku, hata akalazimika kuacha kupiga kwa muda. Alikuwa Armstrong. Kijana wa Wete anayeona alama ya pete mdomoni pake isiyoondoka hata baada ya saa nzima, na apumzike siku hiyo, na asimwache mtu yeyote amwambie kwamba maumivu ndiyo ada ya kujifunza.

Sikio la mwalimu

Kama zimepatikana mausipisi mbili, hata kwa kuazimwa, zisijaribiwe kwa noti ya juu kabisa, ambalo ndilo kosa la kila anayeanza. Zioshwe kwanza. Kisha kijana apige juu ya kila moja ule ule wimbo mfupi anaoujua, polepole, kuanzia chini, na mwalimu akae amempa mgongo, asione ni ipi inayopigwa, amsikilize.

Asikilize mambo haya: noti ya chini inatoka mara moja au inapapasa kwanza, sauti inabaki ile ile inapopunguzwa nguvu, noti ndefu inatulia au inapanda na kushuka. Halafu kijana mwenyewe aulizwe ni ipi iliyomchosha kidogo, maana hilo mwalimu hawezi kulisikia. Mausipisi mpya humpendeza mtu siku ya kwanza kwa sababu ya upya wake, kwa hiyo hukumu ingoje wiki mbili au tatu za kupiga kidogo kidogo kila siku.

Baada ya hapo asibadilishe mpaka itakapopatikana sababu inayoweza kusemwa kwa maneno, kama vile ukingo unaokata au meno yaliyobadilika, na akibadilisha, abadilishe jambo moja tu, ama upana ama kina, ili ajue ni lipi lililoleta faida.

Liko neno kwa wale wanaonunua ala kwa ajili ya skuli, vikosi na makundi ya Pemba, na kwa ndugu zetu walioko Oman na Uingereza ambao huuliza watume nini. Kwa kila tarumbeta zitumwe mausipisi tatu, 7C moja na 5C mbili, na kila moja iandikwe jina la mwanafunzi siku ya kufika.

Na pamoja nazo kitumwe kile kifaa kidogo cha kung'olea mausipisi iliyokwama ndani ya bomba, jambo linalotokea mara kwa mara kwa watoto wanaoipiga kwa kiganja ili iingie. Kwa kukikosa kifaa hicho watu hutumia koleo na nyundo, bomba likapindika na kuchanika, na tarumbeta nzima ikafa kwa ajili ya kipande chake kilicho rahisi. Kimoja tu, kikiwekwa Chake Chake mahali panapojulikana, kingeweza kuhudumia kisiwa kizima kutoka Konde hadi Kengeja.